Enkoda kwenye winchi na usukani: namna ya kujua shafti imezunguka kiasi gani

Mtu wa winchi kwenye chelezo, pale boti zinapovutwa kutoka majini, hakosi alama yake. Mmoja kafunga kitambaa chekundu kwenye kamba ya chuma, mwingine kapaka rangi ukingoni mwa ngoma, ile silinda inayokunja kamba, na yupo anayesikiliza tu mlio wa giaboksi na boti ikasimama palepale anapotaka. Siku mwenye yadi akitaka namba kwenye skrini, mita ngapi zimevutwa na ngapi zimebaki, kitambaa hakitoshi tena. Hapo inatakiwa enkoda.

Nimefunga enkoda za kutosha kandokando ya ziwa letu hapa Mwanza: kwenye winchi, kwenye mikanda ya kusafirisha samaki, na moja kwenye usukani wa boti ya mbao inayopeleka mizigo Ukerewe. Nimeunguza pia. Nitakupitisha kwenye kazi mbili, winchi na usukani, maana hizo mbili zikikaa sawa, nyingine hazitakushinda.

Kabla hujanunua

Enkoda hufungwa kwenye kitu kinachozunguka ikageuza mzunguko huo kuwa ishara za umeme. Ziko za namna mbili.

Ya kwanza ni inkrementali, na kazi yake ni kutoa mapigo. Ndani mna diski yenye mistari myembamba, taa ya LED upande huu na vihisi vya mwanga upande ule. Diski ikizunguka, mwanga unakatika na kurudi, na kila ukirudi ni pigo moja. Enkoda ya namna hii haijui iko wapi. Inajua imesogea, basi. Kuhesabu ni kazi yako wewe na bodi yako, ile kompyuta ndogo inayosoma enkoda.

Ya pili ni absoluti. Hii kila pembe ina namba yake, kwa hiyo ukiiwasha asubuhi inakwambia moja kwa moja iko digrii 47, hata kama kuna mtu aliigeuza shafti usiku wakati umeme haupo. Nyingi za diski husoma kwa msimbo wa Gray, wenye jina la Frank Gray wa Bell Labs aliyepata hataza yake mwaka 1953. Ujanja wake ni kwamba ukitoka namba moja kwenda inayofuata hubadilika biti moja tu, yaani tarakimu moja ya 0 au 1. Kwa hesabu ya kawaida ya biti, kutoka 7 kwenda 8 hubadilika biti nne kwa mpigo mmoja. Kihisi kimoja kikichelewa hata chembe, unasomewa namba ambayo haipo karibu na ukweli.

Sasa jiulize: umeme ukikatika, shafti yangu inaweza kusogea bila mimi kujua? Na ukirudi, naweza kuirudisha mwanzo nikaanza kuhesabu upya? Winchi unaweza kuirudisha hadi kwenye alama yake, kwa hiyo inkrementali inatosha na bei yake ni nafuu. Usukani huwezi kuupeleka hadi mwisho kutafuta sifuri ukiwa katikati ya ziwa na mawimbi yanakupiga ubavuni. Hapo nunua absoluti, usibane hela.

Na kuna wadudu. Vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda juu ya maji kama moshi vinafuata taa, na asubuhi unavikuta vimelala kila mahali. Enkoda ya wazi, ile diski ya plastiki inayopita katikati ya kihisi bila mfuniko, usiifunge kabisa karibu na maji. Chukua iliyofunikwa, IP65 (isiyoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa) kama unapata, au ya sumaku, ambayo haijali vumbi wala mvuke.

Winchi: mota au ngoma?

Tuseme mota ya umeme wa 50 Hz inazunguka mara 1,450 kwa dakika, giaboksi ni 40 kwa 1, ngoma inazunguka kama mara 36 kwa dakika. Enkoda ni ile ya mapigo 600 kwa mzunguko, ya Kichina, yenye shafti ya mm 6, inayopatikana kirahisi.

Ukiifunga kwenye mota: 600 mara 1,450 gawa kwa 60, mapigo 14,500 kwa sekunde. Ukisoma kingo zote, yaani kila kupanda na kushuka, za ishara zake mbili, A na B, zinakuwa hesabu 58,000 kwa sekunde. Bodi ya Arduino Uno inayoshtuliwa kwa kila ukingo itazidiwa, na haitakupa taarifa kwamba imezidiwa. Itaruka tu.

Ukiifunga kwenye ngoma: mapigo 360, hesabu 1,440 kwa sekunde. Uno inaimudu.

Mimi hufunga kwenye ngoma, na si kwa sababu ya Uno. Giaboksi iliyochakaa ina ulegevu. Mota inaweza kuzunguka robo mzunguko kabla ngoma haijatikisika. Kinachovuta boti ni ngoma, basi ulizia ngoma. Kwenye mota funga pale tu unapotaka kudhibiti mwendo wa mota yenyewe.

Kuifunga kwenye shafti

Zima swichi kuu, tundika kufuli, ufunguo mfukoni mwako. Winchi ikiondoka na mkono wako hakuna mwongozo utakaokusaidia.

Kwenye ncha ya shafti ya ngoma toboa katikati kabisa, ukiweza peleka kwa fundi wa mashine ya kukereza, kisha ingiza kipande cha chuma cha mm 6. Kati ya hicho kipande na enkoda weka kapulingi (kiungo cha shafti mbili) laini, ya kupinda. Usiunganishe chuma kwa chuma. Shafti mbili hazikai kwenye mstari mmoja hata ukiapa, na zikifungwa kwa kapulingi ngumu, kila mzunguko unazikamua beringi ndogo za enkoda mpaka zife. Kapulingi isipoingia, isugue kwa msasa. Usiigonge kwa nyundo, hata nyundo ya mbao: diski ya kioo ndani haiwezi kuhimili.

Skrubu za kapulingi zikaze, uzipake gundi ya kuzuia nati kulegea, halafu chora mstari mmoja kwa kalamu ya rangi unaopita juu ya kapulingi na shafti zote mbili. Mstari huo utakuokoa baadaye. Kebo itokee chini, na kabla ya kuingia kwenye enkoda iachie kitanzi kinachoning'inia, ili maji yanayotambaa kwenye kebo yadondokee hapo badala ya kuingia ndani.

Waya

Enkoda niliyoitaja kwa kawaida ina waya nne na shildi, ule wavu wa chuma unaozifunika: nyekundu chanya, nyeusi hasi, kijani A, nyeupe B. Soma lebo hata hivyo, rangi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Waya A na B hapa hazitoi volti. Ndani yake kuna transista ya NPN inayovuta waya kwenda hasi, na isipovuta, waya unaelea hewani. Ndiyo maana unaweka rezista ya kuuvuta juu: kilo-omu 4.7 kutoka A kwenda chanya ya bodi, nyingine kutoka B. Kebo ikiwa ndefu shuka hadi 2.2. Ukiunganisha A moja kwa moja kwenye chanya bila rezista, transista inaungua pale pale. Yangu ya kwanza iliondoka hivyo, haikumaliza hata dakika mezani.

Uzuri wake ni huu: enkoda inaweza kula volti 12 huku rezista zikivutwa kwenye volti 3.3 za bodi ya ESP32, ili mradi hasi zote ziwe zimeungana. Ila kabla hujagusa bodi, iwashe enkoda peke yake, weka mita kati ya A na hasi, uizungushe polepole sana. Ukisoma volti 12, basi hiyo uliyouziwa ina rezista ndani tayari na itaunguza ESP32 yako. Nimekutana nazo mbili, zina lebo ileile.

Kama kebo inapita mita nyingi kwenda chumba cha umeme, NPN achana nayo. Chukua yenye laini pacha, A na kinyume cha A, B na kinyume cha B, kwa mtindo wa RS-422, na upande wa bodi uweke chipu ya kupokea kama AM26LS32. Kelele ya umeme ikiingia inagusa waya zote mbili sawasawa, na chipu inaangalia tofauti yao tu. Kwa PLC (kompyuta ya kuendesha mashine za kiwandani) ya volti 24 tafuta ya HTL, volti 10 hadi 30, uipeleke kwenye ingizo la kuhesabu kwa kasi, maana ingizo la kawaida halitayaona mapigo ya haraka. Ukilazimika kupeleka NPN kwenye PLC, komoni ya ingizo ifungwe kwenye chanya.

Shildi mimi huifunga hasi upande wa bodi tu. Kebo ya enkoda ikae mbali na kebo ya mota, angalau sentimita 20, na zikilazimika kukutana zipishane kwa pembe mraba. Nilikaidi hili mara moja kwenye yadi fulani. Bomba lilikuwa moja, nikaona uvivu kutoboa ukuta upya, nikapitisha zote pamoja. Kila inveta, kifaa kinachodhibiti mwendo wa mota, ilipoanzisha mota, skrini iliongeza sentimita kadhaa huku ngoma imetulia kimya. Kijana wa winchi alinitazama akasema, "Bro, boti imetembea yenyewe?" Nilirudi Jumamosi kutoboa ukuta.

Kuhesabu

A na B zimepishana robo ya pigo. A ikitangulia, shafti inaenda upande mmoja. B ikitangulia, upande wa pili. Kanuni ninayotumia kwenye programu ni nyepesi: kila A inapobadilika, iangalie B. Zikiwa tofauti ongeza moja, zikiwa sawa punguza moja. B inapobadilika fanya kinyume: zikiwa sawa ongeza, zikiwa tofauti punguza. Kwa hiyo mapigo 600 yanakuwa hesabu 2,400 kwa mzunguko, yaani digrii 0.15 kwa hesabu moja.

Mtego unaowanasa vijana wengi uko hapa. Kwenye Uno namba ya kawaida ya "int" inaishia 32,767. Gawa kwa 2,400 upate mizunguko 13 na kitu. Mezani unazungusha mara tano, kila kitu safi, unapeleka kazi kwa mteja. Kwenye mzunguko wa kumi na nne skrini inaruka hadi hasi thelathini na mbili elfu. Tumia "long", yenye nafasi ya namba kubwa zaidi. ESP32 nayo ina kihesabu cha maunzi cha PCNT, kizuri, chenye kichujio cha kelele, lakini nacho ni cha biti 16. Ni lazima uandike wewe mwenyewe cha kufanya kikijaa. Na unaposoma ile "long" kwenye Uno, zima mishtuko (interrupt) kidogo, nakili namba, washa tena. Vinginevyo unaweza kuinasa ikiwa nusu ya zamani na nusu mpya.

Jaribio: chora mstari wa chaki kwenye ngoma na mwingine kwenye fremu, vikutane. Weka sifuri. Zungusha mara kumi kamili kwa mkono. Unatakiwa kupata 24,000, pungufu au zaidi kidogo kwa jinsi jicho lako lilivyopanga chaki. Rudisha mara kumi. Unatakiwa kurudi sifuri. Usiendelee mbele mpaka hili likubali.

Hesabu kuwa mita

Hapa ndipo vitabu vinakupa fomula moja na kukuacha. Ngoma ya milimita 300, kamba ya milimita 14: kipenyo kinachofanya kazi ni 314, kwa sababu kamba inapimwa katikati yake. Mzunguko mmoja ni milimita 986. Safi. Lakini safu ya kwanza ikijaa, kamba inapanda juu ya kamba. Kipenyo kinakuwa karibu 342 na mzunguko mmoja unavuta 1,074. Kwa mizunguko kumi ya safu ya pili, fomula ya safu ya kwanza inakudanganya karibu sentimita 88. Kwenye chelezo sentimita 88 ni boti iliyogonga ukuta. Na kwa kweli kamba hukaa kwenye mabonde ya safu ya chini, kwa hiyo hata 342 si namba kamili, na winchi za kwetu nyingi hazipangi kamba vizuri.

Nilijaribu hesabu za safu, nikaachana nazo. Ninachofanya sasa: nyoosha kamba yote na mzigo kidogo, futi kamba mkononi, paka rangi kila mita 5. Vuta taratibu. Kila alama ikifika kwenye puli ya mbele, andika hesabu ya enkoda. Jedwali hilo ndilo unaliingiza kwenye programu, na kati ya alama mbili programu inagawanya sawasawa. Kazi ya saa mbili juani, lakini unakuwa umeipima winchi hiyo hiyo na kamba hiyo hiyo. Kamba ikibadilishwa, rudia.

Kwenye mkanda wa kiwandani hupati shida hii. Gurudumu la kupimia lina kipenyo kimoja siku zote, unachohofia ni kuteleza kwenye maji na mafuta ya samaki, na safu ya mpira juu yake inapunguza.

Sifuri

Funga kihisi cha chuma (proksi) kikitazama alama moja kwenye reli. Kila umeme ukirudi, programu ikatae kuonyesha mita mpaka winchi ipitishwe polepole kwenye kihisi, tena kutoka upande uleule kila mara, kwa sababu proksi hujiwasha na kujizima sehemu mbili tofauti kidogo. Kuna wanaohifadhi hesabu kwenye kumbukumbu ya bodi umeme unapokatika. Sawa, lakini breki ya winchi hulegezwa kwa mkono wakati wa giza, na kumbukumbu haitajua. Ukihifadhi, hifadhi ngoma inaposimama tu. EEPROM, kumbukumbu ya Uno isiyofutika umeme ukikatika, imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000, na ukiandika kila hesabu utaimaliza kwa dakika chache za kazi.

Limiti swichi ya mwisho ibaki, ikate kontakta, ile swichi kubwa inayowasha mota, moja kwa moja. Enkoda ni ya kujua, usiifanye ndiyo breki.

Hesabu ikipotea

Usianze kubadilisha vitu. Angalia inapotea lini. Ikipotea mota inapoanza au kusimama, ni kelele: angalia shildi, njia ya kebo, ongeza kapasita ya nanofaradi 10 kati ya kila ishara na hasi. Ikipotea mwendo ukiwa mkali na polepole inakuwa sawa, bodi yako haiwahi. Ikipotea zaidi mzigo ukiwa mzito, tazama ule mstari wa rangi kwenye kapulingi. Ukikuta umevunjika vipande viwili visivyokutana, skrubu imelegea na umeokoa siku nzima. Na ikiwa hesabu inatikisika juu na chini bila kuendelea popote, A au B moja imekatika. Moja tu ikifanya kazi, hesabu hupanda moja na kushuka moja hapo hapo.

Usukani

Kwa boti nilitumia chipu ya sumaku, AS5600. Inagawanya mzunguko sehemu 4,096, kama digrii 0.09, na usukani unahitaji digrii 35 kila upande, basi inatosha na kubaki. Sumaku yake ni kidonge cha mm 6 ambacho ncha zake mbili zimegawana uso wa duara, nusu kwa nusu. Sumaku ya kawaida ya spika haifai: ukiizungusha, chipu haioni badiliko lolote.

Shafti ya usukani ilikuwa chuma, na chuma kinaiba nguvu ya sumaku, kwa hiyo nilikereza kikombe cha shaba, nikakigandisha kwenye ncha, sumaku ikakaa ndani. Chipu inatakiwa iwe katikati kabisa juu ya sumaku, nafasi ya nusu milimita hadi milimita 3. Pini ya DIR usiiache ikielea. Ifunge hasi au chanya, ndiyo inayoamua upande gani namba zinapanda. Mimi niliifunga upande usio sahihi. Mzee nahodha aligeuza usukani mara mbili, akatazama skrini, akasema, "Mwanangu, hiki kisaa chako kinaniambia kulia na mimi nakwenda kushoto. Nimwamini nani?" Nikahamisha waya mmoja.

Jambo la pili ni pale 4,095 inaporudi 0. Ukiweka sifuri ya chipu ikaangukia usukani ukiwa katikati, mtikisiko mdogo wa wimbi unarusha namba kutoka 3 hadi 4,093. Ipange katikati ya usukani iwe karibu 2,048, halafu programu itoe 2,048 kwenye kila namba inayosoma. Usichome sifuri ndani ya chipu: inakubali kuchomwa mara tatu tu.

I2C, njia ya waya mbili ambayo chipu hii huongea na bodi, haipendi kebo ndefu, na AS5600 zote zina anwani moja, 0x36, kwa hiyo mbili hazikai pamoja kwenye laini moja bila chipu ya kuzigawa. Niliweka bodi ndogo nyuma ya boti kwenye boksi lililofungwa, ikasoma chipu kwa waya wa sentimita 20, kisha ikapeleka namba kwa RS-485, njia inayohimili kebo ndefu, hadi mbele kwa nahodha.

Kabla ya kufunga boksi soma rejista ya 0x0B uone kama sumaku imeonekana, na ya 0x1A uone chipu inajikaza kiasi gani kuisoma. Kwa volti 3.3 namba hiyo huenda 0 hadi 128, na unataka iwe maeneo ya katikati. Yangu ilikuwa 61. Boti ilipotoka Nansio baada ya wiki mbili nikasoma tena: 104. Sumaku ilikuwa salama. Kishikio cha chipu ndicho kilikuwa kinasogea kwa mtikisiko wa injini, nati moja haina washa. Nikaweka washa ya springi na nati ya pili juu yake, namba ikashuka hadi 63, na sasa programu inawasha taa nyekundu ikivuka 90.